Mstari Mmoja, Wanawake Wawili

Mama aliyelala kwenye machela, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, alikuwa amebandikwa plasta juu ya nyusi ya kulia. Kwenye plasta paliandikwa jina lake na namba ya lenzi ambayo ingewekwa ndani ya jicho lake. Jina lilikuwa lake kweli. Lenzi ilikuwa ya mke mwenzake, jicho la kulia lilikuwa la mke mwenzake, na aliyewachanganya ni mimi, kwa programu niliyoiandika nyumbani Ngara juma moja kabla ya hapo, nikiwa nimeridhika nayo kabisa.

Kazi yenyewe ilionekana ndogo. Kambi ya macho ya siku tatu ilikuwa ifanyike mjini Biharamulo kwa wagonjwa wa mtoto wa jicho. Timu ya vipimo ilikuwa imeshapita kata kwa kata na mashine yake, kwenye zahanati na kwenye minada, ikaandika jina la kila mgonjwa, umri, kijiji, namba ya simu, jicho litakalopasuliwa, namba ya lenzi, na kama mtu ana kisukari. Kila kata ilinitumia faili lake. Mimi nilitakiwa kuyafanya yote kuwa orodha moja.

Muuguzi aliyesimamia kambi, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Sista, alinipigia simu mwenyewe.

"Kambi iliyopita tuliita jina moja mara tatu," aliniambia. "Mtu ni yule yule. Kajiandikisha kwao, kajiandikisha kwa dada yake, kajiandikisha mnadani. Nafasi mbili zikapotea, na watu wakarudi nyumbani na giza lao. Safari hii nataka kila mtu aonekane mara moja tu. Unaweza?"

"Naweza, Sista."

"Usiseme unaweza halafu ukaniletea madudu."

Sikuwashangaa waliojiandikisha mara mbili. Watu wa kwetu wameona majina yao yakipotea kwenye orodha nyingi, za mbegu, za vyandarua, za vitambulisho. Akikosa hapa, atapata pale. Mama yangu mzazi ni hodari wa jambo hilo.

Kuondoa majina yanayojirudia ni miongoni mwa mambo ya kwanza mtu hujifunza akianza kuandika programu. Unaanza na orodha tupu. Unachukua jina la kwanza na kuuliza: limo? Halimo, unaliweka. Unachukua la pili, unauliza tena. Likiwa limo tayari, unaliacha na kusonga mbele. Mwishoni kila jina liko mara moja. Kuuliza ni rahisi. Kigumu ni kuamua kitu gani kinamfanya mtu wa mstari huu awe ndiye yule wa mstari ule.

Jina peke yake halikutosha. Yapo majina ambayo ukiyaita kwa sauti kwenye mnada wa Nyamahanga, wanawake kumi wanageuka. Umri sikuuamini, maana wazee wengi hawajui mwaka waliozaliwa na mwandikishaji hukadiria kwa kuwatazama usoni. Nikachagua vitu vitatu: majina mawili ya mtu, kijiji chake na namba ya simu. Vikilingana vyote vitatu, nilisema, huyo ni mtu mmoja.

Kisha nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniomba. Waandikishaji wengine walikuwa wameacha nafasi wazi, mmoja hakujaza kisukari, mwingine hakujaza umri. Sikutaka kutupa habari ya mgonjwa. Kwa hiyo programu ilipokuta mistari miwili ya mtu mmoja, ilibakiza wa kwanza, na palipokuwa wazi ikapajaza kutoka wa pili. Niliiona kuwa busara.

Nilihakiki pia. Mistari iliyounganishwa haikuwa mingi, nikapiga simu zote. Kwenye namba moja alipokea mwanamume mwenye sauti ya mtu mzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nauliza kuhusu mkeo." Nikamtajia majina yote mawili. "Alijiandikisha mnadani Nyamahanga?"

"Ndiyo."

"Na zahanati, kule Bisibo?"

"Na Bisibo, ndiyo. Kwani kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, mzee. Asante."

Nikaweka alama ya vema kwenye daftari langu. Nafasi zilizookolewa zikapewa watu waliokuwa wakingoja, wengi wao kutoka vijiji vya Ngara. Orodha ikaenda kwa daktari, na daktari akaja na lenzi zilizoandikwa kwenye orodha, pamoja na chache za akiba.

Siku ya tatu ya kambi, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, nilikaa kwenye meza ndogo barazani, karibu na mlango, nikiweka alama kwa kila aliyeingia. Wagonjwa walijaa kwenye mabenchi, kila mmoja na mtu wake wa kumshika mkono. Muuguzi kijana alitoka, akasoma jina. Mama mmoja mnene aliyefunga kitenge cha kijani akasimama, akanyoosha mkono hewani kutafuta wa kushika, muuguzi akamchukua. Nikaweka alama.

Haikupita nusu saa, akaja mama mwingine, mwembamba zaidi na mdogo kidogo kwa umri, ameshika vikombe viwili vya uji. Alinisogelea akiwa amefumba jicho la kulia, ananitazama kwa la kushoto.

"Jina langu bado tu?"

"Unaitwa nani, mama?"

Akanitajia. Nikashuka na kidole kwenye orodha.

"Umeshaingia, mama."

"Nimeingia wapi, nami nipo hapa?"

Watu wa benchi la mbele wakacheka. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akasema, "Labda umeacha mwili huku nje ushike uji." Wakazidi kucheka. Mimi nilikuwa nimeanza kuudhika. Nilidhani nimempata mmoja wa wale wa Sista, wa kujiandikisha mara tatu.

"Mama, jina hili lipo mara moja. Aliyeitwa ameshaingia."

"Aliyeingia ni nani?"

"Mwenye jina."

"Mwenye jina si mimi?"

Hapo akaja mwanamume aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha tangi la maji, kofia mkononi. Niliitambua sauti yake kabla hajamaliza kunisalimu. Ilikuwa ile ya kwenye simu.

"Aliyeingia ni mkubwa wake," alisema. "Hawa ni wake zangu wote wawili. Jina lao ni moja tangu kwa wazazi wao. Nyumbani tunaita Mkubwa na Mdogo."

Nilielewa yote kwa mara moja. Huku kwetu mwanamke aliyeolewa akifika ofisini, mara nyingi huandikwa jina lake na la mume wake. La baba yake hubaki kwao. Simu ya nyumba ilikuwa moja, ya mume. Kijiji kimoja. Mdogo alijiandikisha Nyamahanga siku ya mnada. Mkubwa alikuwa Bisibo kwa binti yake aliyejifungua, akajiandikisha huko huko. Vitu vyangu vyote vitatu vililingana, na havikuwa vya mtu mmoja.

"Mzee, mbona nilikupigia?"

"Ulipiga. Ukauliza Nyamahanga, nikasema ndiyo. Ukauliza Bisibo, nikasema ndiyo. Ni uongo?"

Nilifungua kompyuta, nikatafuta mafaili ya mwanzo. Mdogo: jicho la kulia, lenzi namba yake, kisukari pameachwa wazi. Mkubwa: jicho la kushoto, lenzi namba nyingine kabisa, kisukari anacho. Halafu mstari wangu: jicho la kulia la Mdogo, lenzi ya Mdogo, kisukari cha Mkubwa. Mgonjwa huyo hakuwepo duniani, na sasa alikuwa anakwenda kupasuliwa.

Nilikimbia. Mlango wa ndani ulizuiwa na muuguzi kijana, mikono kifuani.

"Huingii na viatu hivyo."

"Huyo mama mwenye kitenge cha kijani, yuko wapi?"

"Kitenge amevua, amevaa gauni. Huingii na viatu hivyo, nimesema."

"Mwambie daktari asimguse. Lenzi si yake. Na jicho si hilo."

Alinitazama kana kwamba nimelewa. Nikavua viatu pale pale na kupita pembeni yake. Kwenye korido palikuwa na machela mbili. Ya kwanza ilikuwa tupu, mgonjwa wake alikuwa mezani. Kwenye ya pili alilala Mkubwa, dawa ya kupanua mboni imeshatiwa kwenye jicho la kulia, machozi ya dawa yakimteremkia sikioni. Alikuwa akisali kimya kimya, midomo ikicheza.

"Mama, ulipopimwa Bisibo, walikwambia watapasua jicho gani?"

Alijibu kwa Kisubi, ambacho kwa sisi Wahangaza wa Ngara si kigeni. Alisema walimwambia la kushoto. Asubuhi alipotiwa dawa kwenye la kulia alijua wamekosea, lakini alifikiri labda daktari ameona vizuri zaidi. "Nani anambishia daktari?" aliuliza.

Sista alitokea nyuma yangu. Nilimweleza kwa sentensi tatu. Hakunipigia kelele. Alibandua plasta ile kwa kidole gumba, taratibu, akaishika mkononi bila kuitupa.

"Nilikwambia nini kuhusu madudu?" akasema tu.

Daktari alitoka baada ya kumaliza aliyekuwa mezani, akasikiliza, akamulika macho ya Mkubwa. Jicho la kulia, alisema, lina jeraha la zamani nyuma yake, kulipasua kusingemsaidia. La kushoto lingesaidika, ila mtoto wa jicho amekomaa kupita kiasi. Likiachwa, shinikizo ndani ya jicho linaweza kupanda, na likipanda linaua mshipa wa kuona, lenzi haina kazi tena. Akafungua sanduku la lenzi za akiba. Niliona akizichambua moja moja, akisoma namba, akirudisha. Ya Mkubwa haikuwepo. Haikuletwa, kwa sababu mstari wake ulikuwa umemezwa na wa mwenzake. Mashine ya kupimia ilishaondoka kwenda wilaya nyingine.

"Niweke ya kubahatisha?" daktari alisema, kama anayejiuliza mwenyewe. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Jicho linaloweza kuona tena ni hili moja tu. Silibahatishi."

Kwa hiyo palikuwa na nafasi moja na lenzi moja, na ilikuwa ya Mdogo, ambaye jicho lake la kushoto bado lilimwezesha kupika na kulima.

Mdogo alipoletwa korido akaelezwa, aligoma.

"Siingii. Dada haoni hata sahani. Mimi nitapitaje mbele yake?"

Mkubwa aliinuka kwenye machela, akakaa, miguu ikining'inia. "Kwa hiyo kompyuta imetufanya mtu mmoja," alisema, safari hii kwa Kiswahili, ili wote tusikie. "Mume wetu amejaribu miaka yote hiyo, ameshindwa."

Sista alicheka kabla hajajizuia. Mume, aliyekuwa mlangoni, aliangalia viatu vyangu pale sakafuni.

"Ingia," Mkubwa akamwambia mwenzake. "Lenzi ni yako. Mimi wakiniwekea ya kwako nitaanza kuona mambo kwa ubishi kama wewe."

"Dada, usinichekeshe, nitalia."

"Lia baadaye. Jicho likiwa na machozi hawapasui."

Mdogo aliingia saa sita kasoro. Nilibaki kwenye benchi la korido na Mkubwa. Nilimwomba radhi. Aliuliza kama nimepewa kazi hii na mtu au nimejipa. Nikasema nimepewa. Akasema, "Basi mwambie aliyekupa akufundishe kuuliza nyumba ina wanawake wangapi." Kisha akataka uji wake.

Mchana ule ule nilirudia kupiga simu zile zote, na safari hii swali la kwanza lilikuwa hilo. Waliobaki walikuwa kweli mtu mmoja mmoja. Jioni nilifuta sehemu ya programu inayounganisha. Sasa ikikuta mistari miwili inayofanana, inaiweka pamoja na kusimama, haifuti wala haijazi, mpaka mtu aliyewaona wagonjwa kwa macho aseme. Kila anayejiandikisha anapewa kadi yenye namba yake mwenyewe. Ni kazi ya saa mbili, na ningeweza kuifanya tangu mwanzo.

Daktari aliandika barua ya rufaa ya Mkubwa kwenda Mwanza. Mume aliikunja na kuitia mfukoni mwa shati. Mkubwa alisema hataki kwenda mji ambao miguu yake haiujui. Atangoja kambi ijayo, Biharamulo. Nilimsihi. Sista alimsihi. Mdogo, akiwa na bandeji, alimsihi kwa kumfokea. Hakubadilika. Nikaandika jina lake kwa mkono juu kabisa ya orodha ya kambi ijayo, jicho la kushoto, kisukari anacho, lenzi yake.

Tarehe ya kambi hiyo haijatangazwa hadi leo.

Juzi Mdogo alinipigia. Anaona vizuri, alisema, hata mawe kwenye mchele anayaona. Hakupiga kwa ajili hiyo. Jicho la kushoto la Mkubwa limeanza kuuma, maumivu yanapanda kichwani, na anatapika. Nilikumbuka shinikizo alilolisema daktari, nikamwambia wasingoje hata siku moja. Jana alfajiri Mkubwa na mumewe walipanda basi la Mwanza na ile barua. Wamefika, wameambiwa wakae foleni. Ninapoandika haya, bado hawajamwona daktari.