Abdulsultan na Mgeni wa Siku Tatu

Abdulsultan Jiwa Nathoo: mwana wa Jiwa, aliyeuza barafu za magogo mtaani kwetu Morogoro, zimefukiwa kwenye pumba za mbao, mjukuu wa Nathoo, aliyefungua duka Kilosa akiwa na mizani tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeunda timu ya hoki ya barafuni hapa Flemingdon Park, mtaa wetu wa ughaibuni, na viatu vya makali vya kutelezea hajawahi kuvivaa. Mimi ni shemeji yake, nilikuwepo.

Ilipofika mwaka 2006 timu ilikuwa imebaki mifupa. Wakongwe wote walihamia Calgary. Akaanza upya na vijana wa maghorofani, wanaanguka kama nguo zilizokatikiwa kamba. Msimu wa tatu wa baridi ndipo wakaanza kupasiana, na aliyewaongoza alikuwa Tazmin, binti wa ghorofa ya tisa.

Basi Kangethe, nyota wa Weston, akaachana na timu yake. Akawa huru, kila mtu anamtaka.

"Mchukue!" dada yangu Parveen alimwambia mumewe. "Una vibatari vitupu, mwezi unajileta wenyewe!"

"Na vibatari nivizime?"

Tazmin aliuliza moja tu: "Anko, mimi nitakaa benchi?"

Abdulsultan alimwita Kangethe, akampokea kama tulivyolelewa. Siku mbili alikaa kitini, chai na mandazi. Ya tatu akapewa beleshi aondoe theluji uwanjani. Wala hakununa! Alifagia akiimba. Tukasema, amefaulu.

Kisha akacheza. Asubuhi ile ilikuwa nyeupe kote, mbingu na ardhi hazijaachana, naye anapita katikati bila sauti, kama kitu unachokiota alfajiri. Chai yangu ikapoa mkononi.

Nilipogeuka, shemeji hamtazami. Anawatazama wengine. Wamesimama wima, wameegemea fimbo zao, midomo wazi. Hata Tazmin.

Akamwita mgeni pembeni. "Mwanangu, huna kosa. Ila ukicheza wewe, wangu wanakuwa watazamaji."

"Kwa hiyo theluji nimefagia bure, mzee?"

"Mandazi kumi na moja ni bure?"

Kangethe akacheka hadi akainama, akaenda zake.

Abdulsultan akamgeukia Tazmin. "Jumamosi kwenye mechi usiniangalie mimi. Nani aanze, nani apumzike, utapanga wewe."