Spika za Jirani na Presha ya Mama
Duka la simu lilipofunguliwa mkabala na nyumba yetu hapa Isiolo mjini, mwenyewe aliweka spika mbili kubwa mlangoni, zikitazama dirisha la mama. Kuanzia asubuhi hadi magharibi zilipiga muziki na matangazo mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Mama akaanza kulalamika kwamba moyo unamwenda mbio. Katika swala ya adhuhuri alipoteza hesabu ya rakaa, akaanza upya, akapoteza tena, akalia. Kliniki walimkuta na presha, wakampa dawa, lakini haikushuka.

Nikampeleka Gotu, kijijini mbali na kelele za mji, kwa mama mdogo. Baada ya wiki mbili, kwa dawa zile zile, presha ilishuka. Tuliporudi nyumbani ikapanda tena. Daktari aliponiuliza ni nini kimebadilika, nilimtajia zile spika, nikarudi nyumbani na hasira.

Nilivuka barabara. "Salaam aleikum," nilimwambia mwenye duka. "Kelele hizi zinamuumiza mama yangu."

"Kwani amekuwa kiziwi?"

"Masikio yake ni mazima. Kinachoumia ni moyo."

Alicheka, akaniambia nizibe dirisha.

Sasa mama amehamia Gotu. Ameacha nyumba aliyoletwa akiwa bibi harusi, majirani aliozeeka nao, na mimi. Watu huniambia nishukuru kwamba anapata nafuu. Nashukuru, lakini yule mtu sijamsamehe, na kila asubuhi anapowasha spika zake naenda kumwambia hivyo usoni.