Kauli Tatu na Ngumi ya Tata

Tangu basi lilipopita Kemondo nilikuwa nikipanga maneno. Nilikuwa na jambo moja la kumweleza baba huko Muleba: tasnifu yangu ya uzamili katika hisabati ilikuwa imekataliwa, kwa kuwa hatua moja ya uthibitisho ilikuwa ya uongo na zote zilizofuata zilijengwa juu yake. Nyumbani kwetu ni yeye pekee, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye angelielewa kosa lenyewe bila kunihurumia. Lakini mwezi uliotangulia alipatwa na kiharusi, na daktari wa Bukoba hakutuahidi kitu.

"Ndiyo shule imekukausha hivyo?" mama alinipokea. "Ingia. Mwalimu kaongea tangu asubuhi, ila sijui anaongea na nani."

Baba alikuwa kitini, kikapu cha akamwani magotini. Kwetu mgeni hupewa punje hizo za kahawa iliyopikwa azitafune kabla ya mazungumzo, nasi watoto tulizipata kwa kufumbua fumbo. Tata, kama tulivyomwita baba, alificha punje ngumini, kuanzia moja hadi tisa, akatoa kauli tatu. Moja tu ndiyo ya kweli. Alilolipenda zaidi nilikuwa nimelikariri: "Ni shufwa. Ni witiri. Ni chini ya tisa." Moja kati ya mbili za kwanza lazima iwe kweli, kwa hiyo ya tatu ni uongo: punje ni tisa.

Aliponiona aliingiza mkono kikapuni, akafumba ngumi.

"Ni shufwa," alisema polepole. "Ni witiri. Ni chini ya kumi."

Nilingoja ajisahihishe. Hakujisahihisha. Kwa kanuni yake mwenyewe, kila namba hadi tisa ilizifanya kauli mbili kuwa za kweli. Fumbo halikuwa na jibu. Ningeweza kuishia hapo. Badala yake nilijiuliza: je, ikiwa ameuvuka mpaka wa tisa makusudi? Kumi ni shufwa, si witiri, wala haiko chini ya kumi. Kauli moja tu ya kweli. Huenda amelipandisha fumbo daraja kwa ajili yangu. Nililikagua jibu mara tatu, nikaogopa kulitamka.

"Mjibu basi," mama alisema. "Au chuo kimekufundisha kunyamaza?"

"Kumi, Tata."

Alikunjua vidole. Nilihesabu nne, kisha nikahesabu tena.

"Pokea, mgeni wetu," alisema kwa adabu timilifu. "Wazazi wako hawajambo?"

Mama aliinuka akaenda jikoni. Nilizipokea punje kwa mikono miwili, nikazitafuna zote. Tasnifu ilikuwa mkobani, ukurasa wenye kosa nikiwa nimeukunja pembe ili nisiutafute mbele yake. Sikuitoa.

"Hawajambo, Mwalimu," nilijibu.