Mataruma Mia na Thelathini na Saba

Pigo la kwanza halikuniuma. Nililisikia tu, mlio wa kijiti kikavu cha mti wa blugamu kikivunjwa gotini. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umebanwa juu ya meza, katikati ya stesheni yangu ndogo ya mabati na njiti za kiberiti, na aliyeinua nyundo alikuwa kaka yangu mkubwa. Nyundo yenyewe ilikuwa ya marehemu baba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeileta na kuiweka kando ya reli yangu ili wageni waione.

"Muru wa maitu," nikamwita kwa lugha ya nyumbani, mtoto wa mama yangu. "Muru wa maitu, inatosha."

"Haijatosha. Si wewe ndiye mwalimu wa hesabu? Hesabu basi."

Akapiga la pili. Wapakiaji wawili wa duka la vifaa vya ujenzi walikuwa wamenilalia mgongoni, mmoja akinuka saruji. Akapiga la tatu. Ndipo maumivu yakaja yote kwa pamoja, na katikati yake nikasikia ufunguo ukizungushwa mlangoni kutoka ndani. Mwenyekiti wa kamati ya maonyesho alikuwa amesimama pale, mgongo kwenye mlango, akiwaambia watu waliokuwa nje: "Subirini kidogo, waungwana. Kuna shoti ya stima."

Hakukuwa na shoti. Treni yangu ilikuwa inatumia betri ya pikipiki, na bado ilikuwa inazunguka. Ilifika kwenye damu ikateleza, ikaanguka.

Nirudi nyuma sasa, maana mtu akianza na damu watu hudhani ni habari ya pombe.

Baba alikuwa mtu wa gengi, wale waliotengeneza reli kwa mikono upande wetu wa Londiani. Kila asubuhi alitembea kipande chake cha reli na nyundo na spana, anagonga, anasikiliza, anakaza. Shule hakuiona. Kipimo chake cha kila kitu kilikuwa taruma, yale magogo na vyuma vinavyolala chini ya reli. Ukimuuliza duka liko umbali gani, anakwambia mataruma mia tisa.

Shamba letu lilikaa mteremkoni, upande wa juu wa reli, limelala nayo sambamba. Alipotugawia, mimi na kaka, hakuita mtu wa kupima. Alianzia kwenye kalvati, ule mfereji wa maji unaopita chini ya reli, akatembea juu ya reli akihesabu, na alipofika taruma la mia na thelathini na saba akasimama. Hapo akapanda shambani moja kwa moja, akafukia mataruma matatu ya chuma yaliyochakaa, yamesimama wima kama nguzo. Kutoka kalvati hadi nguzo, ya kaka. Kutoka nguzo hadi mwisho, yangu. Aliyeshika jembe siku hiyo alikuwa mwenzake wa gengi, mzee wa Kikipsigis kutoka pande za Soin, ambaye alikula kwetu miaka mingi kuliko shangazi zangu.

Kisha baba akafanya jambo ambalo mpima ardhi wa kizungu hajui. Akatupeleka relini, akatuhesabisha. Ukikosea, fimbo. Ukisema mia na thelathini na sita, fimbo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, nikakosea mara nne, na ile fimbo ilikuwa ya mforosadi, ile inayopinda na kurudi. Ndiyo sababu hesabu hiyo haikukaa kichwani mwangu. Ilikaa mgongoni. Kaka naye ilikaa mgongoni mwake. Asije akasema alisahau.

Kisha vikaja vita vya makabila. Sitavieleza sana, kila nyumba ya kule ina vyake. Nilitoka kwa dirisha na blanketi linalowaka, na hadi leo shingo yangu ya nyuma haioti nywele. Tulilala kwenye mahema miezi mingi. Kaka ndiye aliyetangulia kurudi. Niliporudi mimi, nyumba ilikuwa jivu, mti wa kuonyesha hapa ni wapi hakuna, na zile nguzo za chuma zilikuwa zimesimama vizuri sana, mbali na mahali pake. Udongo mweusi wote, ule wa viazi, ulikuwa upande wa kaka. Upande wangu ulibaki mwamba na majani ya mbuzi.

Nikamuuliza. Akasema, "Moshi ulikuingia akilini." Nikasema twende relini tuhesabu. Reli pale ilikuwa imeng'olewa na kuwekwa upya, mataruma mapya, nafasi nyingine, na yeye alijua. Nilipozidi kusema, alinipiga kwa mpini wa jembe, akanivunja mbavu, nikakojoa damu siku tatu. Naibu wa chifu aliniambia nilete ushahidi. Karatasi zetu ziliungua pamoja na kabati.

Watu waliotuchomea nyumba sikuwajua sura. Aliyenivunja mbavu alinyonya titi nililonyonya mimi. Hilo huwa nawaambia wanaopenda kunionyesha adui wa kabila.

Nikaanza kujenga reli.

Nilianza na mota ya kaseti mbovu. Sikuwa na kitabu, niliacha shule darasa la sita, lakini nilikuwa na macho. Reli nilizinyoosha kutoka spoki za baiskeli. Daraja nililiunganisha kwa mbavu za mwavuli. Mabehewa ni mikebe ya dawa ya ng'ombe, iliyokatwa na kukunjwa juu ya ukingo wa kisu. Udongo wa tuta ni vumbi la chai, lile linalofagiwa kiwandani Kericho, ukilimwaga juu ya gundi lina rangi ileile ya ardhi yetu baada ya mvua. Mashamba ya chai kule mteremkoni niliyakata kwa sponji ya godoro, safu kwa safu, nikaacha vijia vya wachumaji.

Na mataruma ni njiti za kiberiti. Njiti moja kwa taruma moja. Wengine wanaojenga vitu hivi, niliwaona kwa simu, wanapunja: wanaweka njiti thelathini mahali pa mia, jicho halijui. Mimi sikuweza. Kila nilipotaka kuruka moja, mgongo uliwasha. Mpangilio nilioujenga ni wa reli ya baba, ile ya kabla haijang'olewa, kutoka kalvati hadi stesheni, juu ya mbao nne za plaiwudi, kila moja kama mlango. Penye njiti ya mia na thelathini na saba nikapanda misumari mitatu yenye kutu.

Sikufanya vile nipeleke kortini. Niliweka misumari pale kwa sababu ndipo ilipokuwa.

Mama mmoja mwenye studio ya picha Kericho aliona treni yangu kwenye simu ya mteja, akaja mwenyewe mpaka Londiani. Alipiga picha siku mbili nzima. Siku ya kwanza hakupiga kutoka juu kama wanavyofanya watu wote. Alilala kifudifudi, akaweka kamera usawa wa reli, pale ambapo mtu mrefu kama njugu angesimama. Akachemsha birika nyuma ya kilima cha sponji, akashika tochi nyuma ya karatasi ya nailoni, na nilipoona picha nilishtuka: ukungu wa kwetu, saa moja asubuhi, na treni inakuja.

"Mzee, hapa mtu akivuka reli atagongwa," akaniambia akicheka.

"Wacha agongwe. Wengine wanastahili."

"Woi! Umejenga na hasira hivi?"

Siku ya pili akapiga kutoka juu pia, ubao kwa ubao, karibu kabisa, njiti zote zikionekana moja moja. Alisema ni za kuweka akiba, isije ikavunjika njiani. Mungu ambariki kwa hilo.

Yeye ndiye aliyeniombea meza kwenye maonyesho ya mafundi wa jua kali, ukumbini mjini Kericho. Mwenyekiti wa kamati alikubali haraka. Ni mfanyabiashara, ana duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa tabasamu na kalamu mbili mfukoni. Kitu ambacho sikujua, na nilikijua kwa hasara, ni kwamba ndiye aliyekuwa amekubaliana na kaka kununua ule udongo mweusi.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nalitaja kabla hamjanitajia. Nilichukua kadibodi, nikaandika kwa kalamu nene: TARUMA MOJA, NJITI MOJA. HESABU MWENYEWE. Nilijisifu. Nikaongeza nyundo ya baba mezani, kwa urembo.

Asubuhi watu walijaa. Akina mama kutoka Bomet walizunguka meza mara mbili.

"Na Bomet iko wapi hapa?"

"Reli haikufika huko, mama. Ilichoka."

"Tuwekee hata ya kiberiti! Serikali ikikataa, wewe usikatae."

Mwingine akauliza kama treni inalipisha. Nikamwambia inalipisha, lakini abiria lazima kwanza apungue awe kama siafu. Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nilikuwa sijachekesha watu tangu vita.

Saa sita hivi akaingia yule mzee wa Soin, mwenzake baba. Masikio yamekufa, kwa hiyo anaongea kama anaita ng'ombe ng'ambo.

"Chamgei!"

"Chamgei mising, boiyo," nikamwitikia kwa Kikipsigis, salama sana, mzee.

"Wanasema umejenga gengi yetu!"

Akainama juu ya kalvati. Akaweka ncha ya bakora juu ya njiti ya kwanza na kuanza kuhesabu kwa sauti, polepole, ukumbi mzima ukimsikiliza. Watu wakaanza kumfuata kama watoto wa darasa. Mia na thelathini na tano. Mia na thelathini na sita. Na kwenye thelathini na saba bakora ikagusa misumari yangu.

"Hii hapa!" akapiga kelele kwa furaha. "Chuma cha baba yenu! Mimi nilishika jembe! Jiwe lilinikatalia, nikamwambia tusogeze, akakataa kata kata! Sasa mbona nilipita juzi nikaona kiko kule juu? Nani alikihamisha?"

Niliinua macho. Kaka alikuwa amesimama mlangoni pamoja na mwenyekiti. Walikuwa wamekuja kuangalia maonyesho, wamevaa vizuri.

Mwenyekiti akapiga makofi mawili, akasema chakula kiko tayari nje, kila mtu atoke, meza zitaangaliwa tena baadaye. Watu walitoka. Mzee hakusikia, akabaki akiuliza, "Nani alikihamisha?" Mpakiaji mmoja wa mwenyekiti akamshika kwa kola akamtupa ngazini kama gunia. Ngazi ni sita, za saruji. Nyonga ilivunjika. Nilimsikia akiita jina la baba.

Yaliyofuata mmekwisha kuyasoma mwanzoni. Niongeze tu kwamba baada ya mkono wangu kaka alihamia kwenye ubao. Alianza na misumari mitatu, akaing'oa kwa kucha za nyundo, akaitia mfukoni. Ndipo akavunja vingine. Mtu aliyepandwa na hasira huvunja kilicho karibu. Huyu alichagua.

Hospitalini walikata vidole viwili. Kimoja kimekakamaa. Haya naandika kwa mkono wa kushoto, na msichana mfanyakazi wa ile studio anapiga taipu. Kituoni, askari wa zamu aliandika kwenye kitabu cha matukio kwamba niliangukiwa na kifaa changu nilipokuwa naunga stima. Nilimuuliza, "Afande, nyundo iliniangukia mara tatu?" Akanijibu, "Mzee, wewe si umeshasema ni ya marehemu? Labda alikuja kuichukua." Wenzake wakacheka. Mwenyekiti alikuwa ameshafika kabla yangu na kutia sahihi.

Mama wa studio alivunjiwa simu ukumbini alipojaribu kurudi ndani. Lakini zile picha za kutoka juu zilikuwa kwenye kompyuta yake. Ametoa nakala kubwa, za kushika kwa mikono miwili. Nimepeleka moja kwa naibu wa chifu, moja kituoni, moja ofisi ya ardhi. Njiti zinaonekana. Mtu yeyote mwenye macho na kidole anaweza kuhesabu. Kila ofisi imeniambia nirudi wiki ijayo, na juzi niliona malori ya mwenyekiti yakimwaga mawe ya msingi kwenye udongo wangu.

Yule mzee wa Soin bado yuko hai. Hawezi kukaa, analala upande mmoja, lakini akiulizwa anasema yaleyale kwa sauti ileile ya kuita ng'ombe. Hakuna karani aliyekwenda kumwandika. Mnasubiri afe, ninyi wa ofisini, na mimi naona mnavyosubiri.

Sasa nasema nanyi. Kaka, una misumari yangu mitatu mfukoni na fimbo ya baba mgongoni kama mimi. Simama mbele ya watu, uanze kalvati, uhesabu kwa sauti. Afande, mwendee mzee aandikwe wiki hii, kitandani kwake, siyo baada ya matanga. Na wewe mwenyekiti, wao walipiga, wewe ndiye uliyezungusha ufunguo ukawaambia watu ni shoti ya stima. Nakuuliza mbele ya kila atakayesoma: betri ya pikipiki ina shoti gani ya kukata vidole vya mtu? Jibu.