Kulala Nje ya Mlango wa Rafiki

Nyumba yangu iko Bellevue. Ni nyumba ya zamani, ya paa la bati, na nilipofika Johannesburg nikiwa msichana wa kazi ya kwanza ilikuwa imekatwakatwa vyumba kwa mbao nyembamba. Chumba changu kilipakana na cha msichana mwingine wa Kenya, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwingine alimwambia pole. Benki niliyokuwa nikikagua hesabu zake iliponipa mkopo, niliinunua nyumba ile ile nikabomoa mbao zote. Watu walinicheka. Kwa mshahara ule ningeweza kuhamia kwenye mitaa yenye walinzi na maua, lakini mimi nikishapenda mahali, ni kama kupe.

Miaka hiyo tulikuwa kundi. Jumapili baada ya kanisa walikuja kwangu, wanawake na waume zao na watoto wasiojua Kiswahili, tukala ugali na nyama, tukabishana kuhusu siasa za nyumbani ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akizipigia kura. Kisha Canada ikaanza kutuchukua. Nesi mmoja, mwalimu mmoja, fundi wa kompyuta na mkewe. Kila aliyeondoka nilimfanyia karamu ya kuaga, tukaimba, tukalia, tukamshindilia nyama za kukausha kwenye sanduku ingawa tulijua zitatupwa uwanja wa ndege. Baada ya karamu ya mwisho niliosha vyombo peke yangu, na nikiwa na sabuni mpaka kwenye viwiko nikagundua kwamba siku nikiondoka mimi, hakuna aliyebaki wa kunipikia.

Mwanangu wa pekee anafanya kazi Cape Town. Namwandikia kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, tunaelewana hivyo hivyo.

Ndipo wakala mmoja wa mambo ya kuhama akaniambia kwamba kwa kazi yangu ninaweza kukubaliwa Canada, ila nichague mji. "Chagua mji ulio na mtu wako," alisema. Wakati huohuo Mkongomani mmoja anayeuza vitambaa Fordsburg alitaka kuinunua nyumba yangu, airudishie mbao na kuipangisha vyumba. Nilimwambia anipe muda nikapumzike kidogo, nikirudi nitamjibu. Nikachukua likizo ya mwezi wa sita, tunapovaa soksi mbili-mbili Bellevue, nikaenda kuwatembelea rafiki zangu watatu. Sikumwambia yeyote kwamba naenda kuchagua. Niliwaambia nazunguka tu. Nilitaka mmoja wao aniambie mwenyewe, bila kuombwa, "Njoo ukae huku." Kwa ambaye angesema hivyo ndiko ningehamia.

Nilikodi gari-nyumba, yale magari marefu yenye kitanda, jiko na choo ndani, ambayo wazungu waliostaafu huzungukia nchi nayo. Marafiki zangu walidhani nimetajirika. Ukweli ni kwamba nimelelewa na mama aliyeamini kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi sikutaka kupewa jembe na mtu yeyote. Nilitaka kufika na kitanda changu na birika langu, nisimlemee mtu. Kiburi hicho kiliniponza, lakini wakati huo nilikiita adabu.

Wa kwanza alikuwa Calgary, nilikotua. Tulimwita Mama Mapacha, na miaka ile hakuwa akitoka jikoni kwangu mpaka mumewe aje kumtafuta. Alinikumbatia nje ya nyumba yake mpya, tukapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Mapacha, ambao sasa wana ndevu, walilizunguka gari langu wakifungua kila mlango. Tulikula vizuri. Alinionyesha vyumba vyote, hata kile cha mashine ya kupasha nyumba joto, na kimoja kilikuwa na kitanda kikubwa kilichotandikwa, hakina mtu.

Baada ya chai aliniuliza, "Sasa utalala wapi, dada?"

"Usijisumbue," nikamwambia. "Nitalala kwenye gari langu."

Kila mtu aliyelelewa kwetu anajua kinachofuata. Mgeni anakataa, mwenyeji anang'ang'ania. Mgeni anakataa tena, safari hii kwa sauti ya chini, mwenyeji anajifanya ameudhika. Mara ya tatu mgeni anasema haya basi, kwa kuwa umesema, na mzigo wake unabebwa ndani. Ukikubali mara ya kwanza wewe ni mlafi. Mwenyeji akikubali mara ya kwanza, basi hakutaka.

"Sawa kabisa," alisema Mama Mapacha. "Jisikie huru. Choo ukihitaji, mlango wa nyuma hatufungi."

Nikaenda kulala garini, mbele ya nyumba ya mtu niliyemsugua mgongo alipokuwa na uchungu wa kuzaa. Saa ilisema ni usiku lakini jua bado lilikuwepo, la manjano, likipenya kwenye mapazia. Niliwasikia wakicheka ndani. Nilijiambia kwamba amesahau tu taratibu, Canada imemfundisha kumwamini mtu anachosema. Pia nilijiambia maneno mengine ambayo si ya kuandika. Siku zilizofuata alinitembeza, akanipeleka kuona milima, akanijaza chakula, na neno la kukaa halikutoka. Aliponiuliza kuhusu Johannesburg aliuliza kama mtu anayeuliza habari za shule aliyohama.

Kutoka hapo hadi Saskatoon ni safari ya kutwa, na nchi yenyewe ni bapa. Nilikuwa sijawahi kuona ardhi isiyojali kabisa kama kuna mtu anapita. Kila baada ya muda kulikuwa na vipanya vya shambani vimesimama kwa miguu miwili kando ya mashimo yao, vikinitazama, na nilianza kuvisalimia. Ndiyo, kwa sauti. Nilikuwa nikiendesha upande wa kulia wa barabara na nyumba nzima nyuma yangu, vikombe vikilialia kabatini, na sikuwa na mtu wa kumwambia angalia kule.

Kwenye viwanja vya kuegesha magari hayo nilijifunza kumwaga tangi la choo. Mkaguzi wa hesabu mwenye shahada mbili, amevaa glavu za plastiki, ameshika bomba kwa mikono miwili, anaomba Mungu lisiponyoke. Lingenichekesha sana kama ningekuwa na wa kucheka naye. Wengine wote walikuwa wawili-wawili, wazee wenye viti vya kukunja na mbwa, na kila jozi iliniuliza kwa upole kama mume wangu yuko ndani. Siku moja nilijibu ndiyo, amelala.

Rafiki wa Saskatoon ni nesi. Nilipofika hakuwepo. Alikuwa ameniandikia kwenye simu kwamba amepewa zamu ya mtu mwingine, chakula kipo kwenye friji, nipashe, nijisikie nyumbani. Nilikula wali wake peke yangu nikitazama picha zilizobandikwa kwenye friji, na mojawapo ilipigwa kwenye karamu yake ya kuaga, nyumbani kwangu. Alirudi asubuhi miguu imevimba. Tulikaa mezani, akaanza kuniuliza habari za mwanangu, akalala katikati ya swali, kichwa kwenye mkono. Siwezi kumkasirikia. Niliosha vyombo vyake, nikafua nguo zilizokuwa kwenye kapu, nikamwachia barua fupi ya mapenzi ya dada kwa dada. Kwa siku tatu tuliishi hivyo, mmoja akiingia, mwingine akitoka. Angeniambia nini kuhusu kukaa? Yeye mwenyewe alikuwa hakai.

Kwa hiyo alibaki mmoja, na nilikuwa nimemweka mwisho makusudi. Ni yule wa nyuma ya ukuta wa mbao. Hadi leo tunaitana jirani. Anaishi katika mji mdogo wa Manitoba, na anawaogesha na kuwavisha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Niliingia mji huo moyo ukinipiga kama wa mtu anayeenda kusomewa matokeo ya mtihani.

Alitoka na mikono yenye udongo. Alikuwa akipanda miche ya sukuma wiki nyuma ya nyumba, aliyoikuza ndani kwenye vikopo tangu theluji ilipokuwepo. Alilitazama gari langu kuanzia mbele hadi nyuma.

"Hili ni nini?"

"Ni nyumba yangu. Nitalala humu, jirani, usijisumbue."

"Eish! Wewe una wazimu?"

"Kweli, lina kitanda kizuri tu."

"Nikulaze nje kama mbwa, ndio watu waseme nini?"

"Watu gani, jirani? Mji huu hauna watu."

"Nitasema mimi! Toa hilo begi!" Alikuwa ameshapanda, akashuka na begi langu, na kitenge changu kikiburuzwa chini. "Na hiyo birika yako nitaitupa."

Nililia pale pale, mbu wakiniuma. Nilimwambia ni uchovu wa barabara. Usiku huo nililala kwenye kitanda cha bintiye, chini ya ubao wa picha za timu ya mpira wa magongo, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani nililala fofofo. Nilikuwa nimeshachagua.

Nilimweleza siku ya pili, tukiwa tumechuchumaa shambani kwake, yeye akichimba, mimi nikimpa miche. Nilimweleza yote: wakala, Mkongomani wa Fordsburg, karamu ya mwisho na vyombo vyake. Nikamwambia, "Nataka kuhamia hapa. Tuwe majirani tena."

Aliupanda mche, akaukandia udongo, akaukandia tena, mpaka nikaona ataua mmea.

"Na nyumba?"

"Nauza. Si nimekwambia?"

"Usiuze."

Nilidhani ananihurumia, nikaanza kumweleza habari za bei na bati linalovuja. Akanikata. "Jirani, nisikilize. Kuna siku namwogesha mzee, ananitukana rangi yangu. Namvalisha, naenda kusimama chooni. Unajua nafikiria nini nikiwa humo? Nafikiria mlango wako. Najiambia, mambo yakinishinda nabeba watoto, nakwenda Bellevue, nagonga. Hata sipigi simu kwanza. Halafu natoka naendelea na kazi."

"Lakini nikiwa hapa utagonga kwangu hapa."

"Hapa si mahali pa kurudi. Hapa ndipo ninapotaka kupakimbia." Alijifuta uso akajipaka udongo. "Ukija, tutakuwa wawili tusio na pa kwenda. Nyumbani mama alishakufa, shamba wamegawana kaka zangu. Nina wewe tu."

Hasira ilinipanda. Sikutegemea. Nilisimama na mche mkononi. "Kwa hiyo mimi ndiye nikae kule peke yangu? Nikae nakulindia mlango ambao hutagonga? Watoto wako ni wa huku sasa, jirani, wa theluji na magongo. Utawapeleka Bellevue wakafanye nini?"

"Najua."

"Hutarudi."

"Najua sitarudi," alisema. "Naomba tu uwepo."

Afadhali angejitetea. Mtu akijitetea unapata pa kushika. Yeye alichuchumaa pale akinitazama, amekiri kila kitu, na bado anaomba. Nilimpa ule mche, akaupokea kwa mikono miwili.

Nilikaa kwake siku zilizobaki na hatukulizungumza tena. Alinisuka. Tulipika, tukasengenya watu wa kanisa la zamani, mumewe akatucheka. Siku ya kuondoka alipanda kwenye kiti cha pembeni yangu akafunga mkanda. "Twende nikusindikize," alisema. Kwetu humwachi mgeni mlangoni, unatembea naye hadi penye njia panda, na njia panda ya mji ule ilikuwa kituo cha mafuta kwenye barabara kuu. Hapo alishuka. Hakuniuliza jibu langu, na mimi sikumpa. Alisimama kando ya pampu, amevaa kandambili, akinipungia mkono mpaka nikashindwa kumwona kwenye kioo. Angerudi kwa miguu, kwenye jua lile, na nilijua anatembea polepole.

Mimi nililia kwa hasira hadi mpaka wa Saskatchewan. Nilikuwa nimezunguka nchi nzima nikitafuta mtu wa kuniambia kaa. Nilimpata, naye aliniambia nikae mbali naye.

Johannesburg nilikuta baridi kali na nyasi zimekauka. Hakuna aliyekuja kunipokea, kwa kuwa sikuwa nimemwambia mtu. Nilifungua geti, nikafungua mlango wa chuma, nikafungua mlango wa mbao, nikasimama katikati ya sebule nikiwa bado na koti. Nyumba ya vyumba vingi ikiwa na mtu mmoja hutoa sauti yake. Nilitamani zile mbao nyembamba, na mtu wa upande wa pili apige chafya.

Mkongomani wa Fordsburg alikuja Jumamosi, kwa heshima, na zawadi ya kitenge. Nilimwambia siuzi. Alishangaa, akadhani nataka bei ipande, nikamwambia sivyo. Akaangaza macho ukumbini, kwenye milango iliyofungwa.

"Mama, kuko mutu anakuya kuikala humu?"

"Hakuna," nilimjibu. "Hakuna anayekuja. Lakini kuna mtu lazima ajue kwamba anaweza."

Alinitazama kwa huruma, kama vile watu wanavyomtazama mgonjwa, akaniachia kile kitenge hata hivyo. Nilimsindikiza mpaka kwenye kona, nikarudi.