Alivyowapanga Bi Orlean

Mtu akitaka kujua kama mji wa Macon, kule Georgia, unawapokea vizuri wanaume wawili wanaopendana, asiende kumuuliza Wendell Pruitt. Atarudi amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Wendell ameishi humo miaka hamsini na minane, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa nyumba moja na Truett Gaskins, na swali hilo mpaka leo linamshinda.

Kazi yake ni ufundi wa piano. Makanisa kumi na moja humwita kurekebisha sauti za piano zao, na hakuna hata moja linalomwacha aondoke bila kula. Katika kanisa lake mwenyewe, la Wabaptisti, mchungaji Huckaby husimama kila mwezi wa sita, mwezi wa maandamano ya mashoga, akawasema mpaka shati linalowa jasho. Ibada ikiisha, mchungaji huyo huyo anamkumbatia Wendell mlangoni: "Goti la Truett linaendeleaje? Mwambie tunamwombea." Sasa hapo mtu ashike lipi? Siku walipokwenda mahakamani kuandikisha ndoa yao, karani alilia kwa furaha, machozi ya kweli kabisa, halafu akaomba asitokee kwenye picha.

Lakini aliyewazidi wote kwa kuchanganya watu ni jirani yao, Bi Orlean Whitlow, mjane aliyewafundisha wasichana wa mji ule adabu za mezani kwa zaidi ya miaka thelathini. Truett alipopasuliwa goti, bibi huyu alikaa naye hospitalini siku tatu, akimlisha supu kwa kijiko na kuwafokea wauguzi kama watoto wake. Ila akimtaja mbele za watu, humwita "yule mpangaji wa Wendell." Miaka kumi na tisa, mpangaji! Mpangaji gani anayechagua rangi ya mapazia?

Wendell alikuwa akicheka. Truett alikuwa amechoka kucheka. Dada yake anaishi Atlanta, katika mtaa ambao wanaume wawili hutembea wameshikana mikono na hakuna anayegeuza shingo, na Truett alitaka wahamie huko. Mnunuzi wa nyumba yao alikuwa ameshapatikana, na dalali angekuja na karatasi Jumatatu. Wendell hakutaka kuhama hata kidogo. Wazazi wake wamezikwa pale, na kila piano ya mji ule anaijua tabia yake. Akiambiwa achague kati ya Macon na Truett atamchagua Truett, lakini roho yake itabaki nyuma.

Basi wiki hiyo hiyo ukaja mwaliko: Bi Orlean anatimiza miaka themanini, chakula cha mchana Jumamosi, ukumbi wa kanisa. Bahasha iliandikwa majina yote mawili.

Truett aliigeuza ile bahasha mara mbili, tatu. "Ameandika jina langu," akasema.

"Ameandika, ndiyo."

"Sikiliza, Wendell. Mimi si mtu wa makuu. Nikifika pale nikakuta nimewekwa kama mtu wako, si kama mtu aliyekuja kurekebisha bomba, nitamwambia dalali asije. Nikikuta vinginevyo, natia sahihi. Na usininunie."

"Sitakununia."

"Umeshanuna tayari, bwana we."

Ijumaa mchana Wendell alikwenda ukumbini kuitazama piano ya sherehe. Hapakuwa na mtu. Meza zilikuwa zimetandikwa vitambaa vyeupe, na mbele ya kila kiti palikuwa na kadi yenye jina, kwa mwandiko wa Bi Orlean mwenyewe, ule mwembamba wenye mikia. Piano aliisahau. Akaanza kutafuta.

Jina lake alilikuta meza ya dirishani, karibu na dada wawili wa ukoo wa Hutto, mapacha wenye miaka sabini na kitu ambao hawajawahi kuonekana wametengana hata dukani. La Truett? Halikuwa hapo. Akazunguka meza moja baada ya nyingine mpaka akalikuta upande wa pili kabisa wa ukumbi, baina ya Darlene, binti wa Bi Orlean, na mke wa mchungaji. Mbali kiasi kwamba wangehitaji kupigiana kelele wapeane chumvi.

Wendell alihisi uso unawaka. Kumbe hivi ndivyo! Majina mawili kwenye bahasha, kisha ukumbini mmoja mashariki mmoja magharibi, wageni wasije wakawaona wamekaa pamoja wakanong'ona. Alisimama pale akijisemea kwamba labda hana maana mbaya, kisha akajisemea ana maana mbaya, kisha hakujua. Alichojua ni kwamba kesho Truett angeiona kadi ile, na Jumatatu wangetia sahihi.

Akafanya jambo ambalo mtu mzima aliyelelewa Macon hafanyi. Alichukua kadi ya Truett akaiweka karibu na yake. Ya Eula Hutto, mmoja wa wale mapacha, akaipeleka kwa Darlene. Halafu akakaa kwenye piano akarekebisha nyuzi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kuku wa kukaanga, mayai ya kujazwa, saladi za viazi za aina nne maana kila mama alileta yake, na chai ya barafu yenye sukari ya kumwangusha farasi. Truett aliingia akichechemea kidogo, tai yake ya bluu imenyooka, akaanza kusoma kadi. Alipofika dirishani akasimama. Akaisoma yake. Akaisoma ya Wendell. Kisha akakaa taratibu, akatandaza kitambaa cha kujifutia magotini, na Wendell akaona macho yake yamelowa.

"Ameniweka hapa," Truett akanong'ona. "Karibu nawe. Mbele ya Huckaby na kanisa zima. Nilimdhania vibaya yule bibi, Wendell. Miaka yote nimemdhania vibaya."

"Ee," akasema Wendell.

"Tunabaki. Dalali namwambia asije."

Wendell alipaswa kufurahi. Alipata alichokitaka, tena kwa bei ya kadi mbili, na bado aliyasukuma mayai pembeni ya sahani. Aseme? Akae kimya? Akae kimya mpaka lini? Hakupata nafasi ya kuamua, kwa sababu sauti ya Eula Hutto ilipasua ukumbi.

"Nani kanitenga na dada yangu? Orlean! Nimekukosea nini mimi, mpaka unitenge na dada yangu?"

Bi Orlean alikuja na fimbo yake, koti la rangi ya pichi, nywele zimesimama imara. Akaitazama kadi ya Eula. Akaufuata kwa macho ukumbi mzima mpaka dirishani, akamwona Truett, kisha akamwona Wendell, ambaye uso wake ulikuwa umeshakiri kila kitu.

"Wendell Pruitt," akasema alipowafikia. "Umezigusa kadi zangu?"

"Ndiyo, Bi Orlean. Nisamehe."

Truett alimgeukia. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa hiyo yeye alikuwa ametutenganisha."

"Ala! Ndiyo, niliwatenganisha," akajibu Bi Orlean, kabla Wendell hajafungua mdomo. Alishusha sauti, lakini sauti ya mwalimu haishuki sana. "Darlene na mumewe wako wapi? Meza mbili tofauti. Mchungaji na mkewe? Mbali mbali. Mimi na marehemu mume wangu Hoyt hatukuwahi kukaa pamoja kwenye karamu ya heshima hata siku moja, na tulipendana mpaka kifo. Kwenye meza yangu wanaokaa pamoja ni ndugu, marafiki, na wajane wanaohitaji kukatiwa nyama. Sasa niambie, Wendell, nyinyi ni kina nani kati ya hao?"

Wendell alitazama ukumbi. Kweli bwana! Ni kama mtu kamwondolea ukungu machoni. Kila mume alikuwa huku, mke wake kule. Alikuwa amezisoma kadi zote Ijumaa, akatafuta jina moja tu, asione mengine.

Mchungaji Huckaby alikuwa amesogea, sahani mkononi, tabasamu limeganda. "Kuna shida hapa, Bi Orlean?"

"Hakuna shida yoyote, mchungaji. Mpangaji wa Wendell kakaa kiti kisicho chake, ndiyo basi."

Mpangaji, tena! Kwa pumzi ile ile, bila kupepesa jicho. Wendell alimwangalia bibi yule mzee na kwa kweli angeweza kumpiga busu au kumpiga kofi, hakujua lipi lilikuwa karibu zaidi.

Truett aliwatazama waume na wake waliotawanyika ukumbini. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani ambacho Wendell hakuwa amekisikia kwa miezi. Akainuka, akachukua kadi yake, sahani yake na glasi yake ya chai.

"Unakwenda wapi?" Wendell akamwuliza. Sauti ilimtoka kama ya mtu anayeachwa stesheni. "Truett, unatia sahihi au hutii?"

"Kula, mzee. Watu wanatutazama."

Akavuka ukumbi wote akichechemea, kupita meza ya wajane, kupita keki, mpaka kiti kilicho kati ya Darlene na mke wa mchungaji, akakivuta, akakaa. Eula Hutto alirudi dirishani akinung'unika, akakaa karibu na dada yake, akamwomba Wendell ampitishie siagi.

Wendell akaipitisha. Miaka kumi na tisa alitamani kukaa karibu na Truett mbele ya mji ule, akakaa naye kwa dakika nne, na sasa aliomba kwa moyo wake wote Truett abaki kule kule alikopangwa, asirudi.