Mlango wa Chumba cha Harusi

Nilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo mwaka ule Burundi ilipopata uhuru, nikiwa na randa moja, msumeno na patasi mbili. Watu wa Rumonge, mji niliposhukia, wakaanza kuniita fundi, nami sikuwakatalia. Ukweli ni kwamba hakuna aliyenifundisha. Useremala niliujifunza kwa kufungua milango mibovu ya watu, nikatazama ilivyoungwa, nikairudishia. Ndiyo maana kila kazi niliifanya kwa hofu. Nilikuwa napima ubao, naenda kula, naacha sahani katikati na kurudi kuupima tena.

Kazi yangu kubwa ya kwanza nilipewa na mama mjane aliyeuza mawese karibu na soko. Mwanawe alikuwa anaoa, naye akataka chumba kipya uani. Nilijenga kuta, nikaezeka mabati, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye mlango. Wanawake wa mtaa ule huupima mlango wa maharusi kwa ubani. Wanafukiza ndani, wanafunga, kisha wanasimama nje wakinusa. Moshi ukipenya, fundi atachekwa mpaka sokoni. Mimi sikuwa na ndugu mjini. Niliona kwamba wakinicheka sitapata kazi nyingine, na itabidi nivuke kurudi.

Kwa hiyo nilihakikisha mlango ule unabana kwenye fremu pande zote. Kilikuwa kiangazi, mbao zimekauka kabisa. Wanawake wakafukiza, wakanusa, wasipate kitu. Somo, yule mama anayemfunda bibi harusi, akasema tu kwamba haya, mutoto anajua kazi. Nikawa naupitia mlango wangu mara kwa mara, nikiupapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Siku ya harusi ikanyesha mvua ya kwanza, na kesho yake asubuhi nikaitwa mbio. Mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu, mlango umekwama, maharusi wako ndani. Wanawake walikuwa wamejaa uani na uji wao. Mwanzoni walidhani bwana harusi hataki kutoka, wakamwimbia nyimbo za mzaha. Kisha wakamsikia anapiga mlango mateke.

"Mukongomani, umefungia watoto wetu mu nyumba," somo akaniambia. "Sasa hii iko kazi gani?"

Nikasema nitauvunja. Akakataa: mlango wa maharusi hauvunjwi asubuhi ya kwanza, wala mwanamume mgeni hatii jicho ndani. Shangazi wawili wakashika kanga mbele yangu kama pazia. Somo akapitisha nyundo na msumari kati ya nondo za dirisha, nami nikaanza kueleza kwa sauti jinsi ya kusukuma juu vile vyuma vinavyoshika bawaba. Bwana harusi alikuwa mchuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, hajawahi kugonga kitu. Pigo la pili likaangukia kidole chake. Uani kote kukawa kicheko, ila mimi nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo tukasikia sauti ya kike ikisema taratibu, "Lete hapa."

Bibi harusi alikuwa binti wa mtengeneza mitumbwi wa Kabonga. Aligonga kwa utulivu, pigo moja moja, na kila chuma kilipotoka alinijulisha. Nikausukuma mlango upande wa bawaba, mumewe akauvuta, ukaachia.

"Fundi," akasema kutoka nyuma ya kanga, "achia mbao nafasi kidogo. Na sisi tupate hewa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikauweka mlango uani na kuuranda mbele yao wote. Kila nilipoujaribu niliona mwanga ukipita chini, na roho ikaniuma, lakini sasa ulifunguka kwa kusukumwa na kidole. Nikaanza kufunga vifaa vyangu. Moyoni nilikuwa nimeshapanda boti.

Yule mjane akaniuliza ninaenda wapi. Nikajibu kwamba nimemaliza, na kwamba ninaomba radhi.

"Kaa unywe uji," akasema. "Halafu twende kwenye stoo ya mawese. Mulango wa kule unakwama kila masika, na fundi aliyeufanya alikuwa muzee wa hapa hapa."

Uji ulikuwa umepoa. Nikaunywa wote, nikachukua randa, nikamfuata.